Ndege wa kifua cha chungwa vichakani Kigoma: mtazame uso kwanza, kifua baadaye

#1 Kichakani (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Mvua za kwanza zimeshika Kigoma, na kama ilivyo kila msimu huu zinapigwa picha nyingi za ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa, kisha swali ni lile lile: huyu nani? Majibu huja upesi mno. Mmoja anaandika "kurumbiza", mwingine anabandika jina alilopewa na programu ya simu, mada imekwisha. Nimeona tuwe na uzi mmoja unaoeleweka, kwa sababu upande huu wa Ziwa Tanganyika kifua cha chungwa hakitoshi kumtambua ndege. Wenye kifua hicho ni zaidi ya mmoja, wote ni waimbaji, wote wanapenda giza la kichaka, na wote wana tabia ya kukuonyesha kifua kwa sekunde mbili na kupotea.

Anayejulikana zaidi ni kurumbiza wa nyusi nyeupe, Cossypha heuglini. Huyu ni jirani yetu kabisa. Mwanga yupo, Ujiji yupo, Kasulu yupo, na ndugu zetu wa Tabora wanaye chini ya miembe. Ana urefu wa sentimita 20 hivi toka mdomo hadi ncha ya mkia. Kichwa ni cheusi, na juu ya jicho unapita mstari mweupe, mpana, uliochongoka, unaoanzia karibu na mdomo na kurudi nyuma hadi kisogoni. Mgongo ni kahawia yenye ukijani, mabawa yana ukijivu wa bluu. Kwa mtu wa Kigoma mjini, ukiuona mstari ule vizuri kazi imekwisha, hata kama kifua hukukiona.

Wa pili ni Cossypha natalensis. Hapa nitamwita kurumbiza wa utosi mwekundu. Ni mdogo kidogo kuliko wa kwanza, na nyusi hana kabisa. Uso wote, koo, kifua na tumbo ni chungwa tupu. Utosi ni kahawia nyekundu. Mabawa ni ya kijivu cha bluu. Katika uso ule wa chungwa jicho jeusi linaonekana kubwa na peke yake, na ndilo jambo la kwanza kulitafuta. Huyu hapendi ua wa nyumba. Anataka msitu ulioshikana, vichaka vya kando ya vijito, mabonde yenye kivuli na majani makavu mengi chini.

Wa tatu wengi hawajawahi kumsikia hata kwa jina: akalati wa Bocage, Sheppardia bocagei. Yuko milimani Mahale, na wale wa huko wana tofauti zao hata wataalamu wakawapa jina la nususpishi, kungwensis, kwa ajili ya mlima Nkungwe ambao una mita 2,462. Akalati ni mdogo wazi wazi kuliko kurumbiza wote wawili. Koo na kifua ni chungwa, mgongo ni kahawia inayoelekea kijani, bawa la bluu hana, mstari mrefu mweupe juu ya jicho hana.

Sasa mkia, maana watu wengi humwona ndege huyu akiwa anakimbia. Kurumbiza hawa wawili wana mkia ambao manyoya ya pembeni ni ya rangi ya kutu na yale ya katikati ni ya giza. Akiruka kuingia kichakani unaona kutu mbili pembeni na mstari mweusi kati. Hapo umeshajua ni kurumbiza. Yupi kati yao, uso ndio utakaosema.

Kwa hiyo mimi naomba tuzoee mpangilio huu: uso, kisha mkia, kisha bawa, kifua cha mwisho. Kivulini chungwa hubadilika. Chini ya majani mabichi huonekana kahawia, jua la asubuhi likimgonga huwaka mpaka mtu anadhani ni ndege mwingine. Mstari wa jicho haubadiliki.

Na saa. Kigoma si Dar. Tuko magharibi sana, jua linachelewa kwetu kwa zaidi ya nusu saa ukilinganisha na pwani, ingawa saa za ukutani ni zile zile. Anayesoma mtandaoni kwamba "ndege watafutwe saa 12 asubuhi" akatoka saa hiyo Kigoma atakuta giza. Hilo ni jema, kwa sababu kurumbiza wa nyusi nyeupe huanza kuimba kabla hakujapambazuka. Kaa mahali pako mapema, sikiliza, acha mwanga ukukute umeshajua yuko kichaka gani.

Karibuni.

#2 Binti wa Luiche

Asante sana kaka kwa maelezo. Mimi niko Ujiji, nyuma ya nyumba tuna migomba na kijito kinachokauka kiangazi. Jioni kuna ndege anaanza kuimba chini chini, halafu sauti inapanda, inapanda, mpaka inajaza ua mzima, kisha inakatika ghafla. Ninachojiuliza, wakati mwingine nasikia kama kuna sauti ya pili ndani yake. Ni ndege mmoja au wawili?

#3 Kichakani (mleta uzi)

Dada, umemweleza vizuri kuliko vitabu vingi. Huyo ni wa nyusi nyeupe. Hurudia kifungu kimoja cha sauti mara nyingi, kila mara kwa nguvu zaidi, na hufanya hivyo hasa alfajiri na machweo. Sauti ya pili inawezekana kabisa ikawa ya jike. Dume na jike huimba pamoja: dume anabeba wimbo, jike anaingiza noti zake fupi za juu kwa vipindi. Ukisimama katikati yao utasikia zinatoka sehemu mbili tofauti.

Jaribu hivi. Kaa mahali ambapo kijito na migomba unaviona vyote viwili, ukiegemea kitu ili usionekane umesimama wima. Usivae nguo nyeupe. Wakimaliza kuimba, macho yashuke chini, kwenye majani makavu, maana chakula chao kiko hapo: sisimizi, mende, mchwa, viwavi, na matunda kidogo. Hurukaruka hatua chache, anasimama, anatikisa mkia, anasikiliza, anaokota. Mtu anayetazama juu mitini atamsikia mwaka mzima bila kumwona.

#4 Mzee wa Kibirizi

Wanangu hamjambo. Mimi nimevua miaka mingi na nimelala sana kwenye fukwe za kaskazini huko, kuanzia Kibirizi hadi mpakani. Kuna jambo nataka mnieleze. Kwenye bonde lenye msitu, mbali na maji, nasikia furukombe, yule tai mla samaki, analia, lakini ni sauti ndogo, ya chini, inatoka kichakani usawa wa goti. Furukombe hakai kichakani. Baada ya hapo sauti hiyo hiyo inageuka kuwa ya ndege mwingine, halafu mwingine. Watu wazima walituambia ni ndege anayewaiga wenziwe. Ni huyu mnayemzungumza?

#5 Kichakani (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Ndiye, na nafurahi umelileta wewe. Kurumbiza wa utosi mwekundu ni mwigaji hodari sana. Ndani ya wimbo mmoja anaweza kupitisha sauti za ndege wengi, furukombe akiwemo, na amejulikana kuiga hata mluzi wa mtu. Ukisikia ndege watano tofauti wanaimba mfululizo kutoka sehemu moja, bila kupumzika na bila kuitikiana, simama hapo hapo.

Anapokuwa haigi, ana mlio wake wa kawaida ambao ni rahisi kuukariri: noti mbili za kukwaruza, moja juu moja chini, juu, chini, kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Anaweza kuurudia muda mrefu sana akiwa hapo hapo. Mlio huo ndio unaomfichua kuliko wimbo, kwa sababu hausogei. Unaufuata polepole mpaka unajua ni mti gani.

Wa nyusi nyeupe naye huiga, lakini wimbo wake mwenyewe ule wa kupanda ndio unaotawala.

#6 Unyanyembe

Wakuu salaam kutoka Tabora. Nami nina wangu. Kwenye miembe ya zamani hapa mjini kuna ndege mwenye rangi hiyo hiyo ya kutu, ila ana mkia mrefu kupita kiasi, unapepea nyuma yake akiruka. Kichwa cheusi chenye kishungi. Pembeni ya jicho kuna duara la bluu. Kwa maelezo ya mleta uzi, kichwa cheusi na kutu vipo. Ni kurumbiza dume aliyekomaa?

#7 Kichakani (mleta uzi)

Hapana mkuu, huyo ni mwingine kabisa, na ni vizuri umeuliza kwa sababu wengi huwachanganya wakisimuliana kwa mdomo. Huyo ni mkamata-nzi wa mkia mrefu, Terpsiphone viridis. Angalia rangi ilipo. Kurumbiza ana chungwa mbele, yaani koo na kifua, na mgongo wake ni wa giza. Wako ana kutu nyuma, mgongoni, mabawani na mkiani, wakati kifua chake ni cha kijivu. Duara la bluu kuzunguka jicho na mdomo wa bluu ndivyo vinavyomtambulisha. Dume katika msimu wa kuzaa ana mkia unaoweza kuzidi urefu wa mwili wake mzima. Jike ana mkia mfupi.

Tabia nazo ziko mbali. Mkamata-nzi hukaa katikati ya mti, anachomoka, anadaka mdudu hewani, anarudi tawini. Haokoti chini majanini. Kiota chake ni kikombe kidogo cha nyuzi za magome na vijizizi, kimefungwa kwa utando wa buibui na kupambwa kwa nje na kuvu-mwani (ule utando wa kijivu unaoota kwenye magome), juu ya tawi jembamba ambalo mara nyingi liko wazi kabisa. Dume na jike wote wawili huatamia, kwa hiyo unaweza kuona ule mkia mrefu umening'inia nje ya kiota kidogo. Kama kiota kipo kwenye hiyo miembe, kitazame kwa mbali na mwambie mwenye ua asikate tawi kwa sasa.

#8 Lenzi ya Magharibi

Mleta uzi hongera. Mimi ni mpiga picha, nakuja Kigoma mara kwa mara. Hawa ndege wananitesa kwa sababu ya giza la kichaka. Nikiongeza mwanga picha inajaa chembechembe, nikipunguza kasi ndege anatoka na ukungu. Suluhisho nililoliona kwa waongozaji wengine ni kupiga sauti yake kwenye spika ndogo, anakuja mwenyewe mpaka mita mbili. Kwa nini hujalitaja?

#9 Kichakani (mleta uzi)

Sikulitaja kwa sababu silipendi, na nitaeleza kwa nini. Ndege huyu anaimba ili kulinda eneo lake. Akisikia sauti ya dume mwingine ndani ya eneo hilo anaamini amevamiwa. Anaacha kula, anaacha jike na makinda, anakuja kutafuta adui ambaye hayupo. Wewe umepata picha, yeye amepoteza asubuhi yake. Ukiondoka anakuja mgeni mwingine na spika yake. Msimu wa mvua ndio wa kuzaa, na ndio msimu wageni wanaotaka picha wanapoambiwa waje kwa sababu ndege wanaimba. Kwa kichaka kimoja cha kando ya njia ambacho kila mtu anakijua, hilo ni tatizo kubwa.

Kuhusu picha, kuna njia ya subira inayofanya kazi. Tafuta mahali ambapo kichaka kinakutana na maji, hasa kidimbwi kidogo ndani ya kijito. Kurumbiza hupenda kuoga, na mara nyingi ni jioni kabla ya kulala. Huko hufika mwenyewe, kwenye sehemu ambayo wewe umeshaichagua na umeshapima mwanga wake. Kaa chini. Mtu aliyekaa chini hamtishi ndege wa chini kama anavyomtisha mtu aliyesimama. Na kama lengo ni kumtambua tu, sahau picha nzuri: rekodi sauti kwa simu. Rekodi ya nusu dakika ya wimbo ina uzito kuliko picha tano za kifua kilichofifia.

Programu kama Merlin zinasaidia, sizikatai. Zinasikiliza na kupendekeza jina. Pendekezo hilo lichukue kama swali la kwenda kulijibu kwa macho.

#10 Lenzi ya Magharibi

Nimekuelewa mkuu. Hoja ya asubuhi yake kupotea sikuwahi kuiwaza kwa upande wa ndege. Nitajaribu ya kidimbwi. Darubini gani inafaa kwa msitu?

#11 Kichakani (mleta uzi)

8x42. Nane ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na huo upana ndio unaoingiza mwanga. Za 10x zinavuta zaidi, ila mkono ukitetemeka picha nayo inatetemeka, na ndani ya msitu ndege yuko karibu, huhitaji kuvuta sana. Angalia pia kama inaweza kulenga kitu kilicho mita mbili au tatu kutoka kwako. Nyingine haziwezi, na kurumbiza atakuja hapo hapo miguuni.

#12 Mwalimu Uvinza

Habari za jioni ndugu zangu. Nafundisha shule ya msingi, na asubuhi za Jumamosi natoka na wanafunzi wachache kusikiliza ndege. Nina maswali mawili ya kutoka kwao, naomba yajibiwe kwa uzito wake.

La kwanza: wanaona ndege mwenye mkia wa kurumbiza, ile kutu ya pembeni, lakini mwili wote umejaa madoadoa na uso hauna mstari wala chungwa safi. La pili: wiki hii waliona kurumbiza wa nyusi nyeupe anamlisha ndege mweusi-mweusi, mnene, mkubwa kuliko yeye, na anafungua mdomo bila kuchoka. Mmoja wa watoto akasema kurumbiza ameasili mtoto.

#13 Kichakani (mleta uzi)

Mwalimu, wape hongera wanafunzi wako. Mkia wameusoma vizuri.

Mwenye madoadoa ni kurumbiza mchanga. Wote wawili wakitoka kiotani wana madoadoa ya hudhurungi mwilini, kisha manyoya ya utu uzima huja taratibu. Kwa umri huo kumtenganisha wa nyusi na wa utosi si rahisi kwa kumtazama peke yake, na njia bora ni kusubiri mzazi aje kumlisha. Uso wa mzazi utatoa jibu.

La pili ni kubwa zaidi. Yule mnene ni kinda la kekeo wa kifua chekundu, Cuculus solitarius. Bila shaka mnamsikia kuanzia mvua zinapoanza, noti tatu zinazoshuka, anazirudia mchana kutwa na hata usiku. Jike la kekeo halijengi kiota. Hutaga katika kiota cha ndege mwingine, na jamii ya kurumbiza ni miongoni mwa anaowategemea zaidi. Kinda lake likianguliwa husukuma nje mayai au makinda ya wenyeji, na linabaki peke yake kulishwa. Kurumbiza hajui. Anaona mdomo uliofunguka, analisha.

Watoto watasikitika, na wengine watataka kulitoa kinda lile. Waeleze kwamba kekeo naye ni ndege wa msitu huu huu, anakula viwavi wenye nywele ambao ndege wengi hawawagusi, na kurumbiza hutaga tena. Kiota chake ni kikombe cha majani na vijizizi, hukiweka kwenye shimo la kisiki, kwenye mizizi ya ukingo wa mto, au katika uma wa mti mfupi. Mayai ni mawili au matatu, jike huatamia kwa muda wa wiki mbili hivi. Ni jirani wa chini sana, kwa hiyo mwanafunzi akikiona kiota asisogee, asikiguse, na asikanyage njia ya moja kwa moja kukiendea. Nyoka na paka hufuata njia.

#14 Mwalimu Uvinza

Nashukuru sana. Nitawasomea jibu hili kama lilivyo. Nina la kuongeza kuhusu manati. Huku watoto wanapiga ndege kwa manati, na kurumbiza ni rahisi kwa sababu anakaa chini na anarudi mahali pale pale. Nilipokuwa nawakataza tu, waliacha mbele yangu wakaendelea nyuma yangu. Kilichobadilisha ni kumpa kila mmoja kichaka chake cha kutunza habari zake: nani yupo, anaimba saa ngapi, anakula nini. Mtoto akishakuwa na ndege anayemjua, mwenziwe akija na manati anamzuia yeye mwenyewe.

#15 Unyanyembe

Mwalimu hilo nalichukua. Na wazazi wajue pia kwamba kukamata au kuua ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Wengi wanadhani sheria hiyo ni ya tembo na simba.

#16 Mama Kasulu

Mimi nasoma kimya kimya tangu mwanzo, sasa naomba niseme. Mnatuambia kichaka, kichaka. Kichaka kikiwa karibu na nyumba kinaleta nyoka, na mimi nina wajukuu wadogo. Mwaka jana tulifyeka chote hadi kijitoni. Ndege wa nyusi nyeupe walikuwepo, sasa hawapo, hilo ni kweli. Lakini kati ya ndege na mjukuu nitamchagua mjukuu.

#17 Kichakani (mleta uzi)

Mama shikamoo. Hakuna mtu hapa atakayekuambia uchague vingine. Zunguka nyumba yako, fyeka, safisha, usiache magogo wala rundo la matofali. Nyoka akae mbali na wajukuu.

Ninachokuomba ni kule kijitoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, isifanyike humo shughuli ya kudumu wala inayoweza kuharibu mazingira. Imewekwa kwa ajili ya maji na udongo, na ndege anafaidika humo humo. Ukanda huo ukiachwa uote tena, hata kwa upana mdogo kwanza, vichaka vya asili vitarudi vyenyewe bila kupanda kitu. Kurumbiza hahitaji msitu mkubwa. Anahitaji sehemu moja nyeusi ya kujificha, majani makavu yasiyochomwa moto, na maji. Kama jirani yako wa juu na wa chini wameacha ukanda wao, ndege atapita kutoka kwao hadi kwako.

Na majani makavu tafadhali yasichomwe yote. Yakusanye chini ya migomba. Mgomba utakushukuru, na wadudu watakaokaa humo ndio chakula cha kurumbiza.

#18 Mama Kasulu

Hapo tumeelewana mwanangu. Kijitoni nitaacha. Migomba nimeshaanza kuirundikia majani, kwa sababu zangu nyingine.

#19 Mtu wa Mwamgongo

Wakuu, mimi natokea kijijini kaskazini mwa Gombe, na nimefanya kazi za kubeba mizigo ya watafiti na wageni humo hifadhini. Niongeze upande wa Gombe maana bado haujatajwa.

Gombe ni mabonde. Mgongo wa juu ni nyasi na miombo, lakini ukishuka kwenye vijito, kama Kakombe kuelekea maporomoko, unaingia msitu wa kijani wenye giza hata saa sita mchana. Huko chini ndiko huyu wa utosi mwekundu alipo. Wageni wote macho yako juu wakitafuta sokwe, ndege anawapita miguuni.

Siri niliyojifunza ni siafu. Siafu wakiwa kwenye msafara, panzi, mende, buibui na tandu wanatimka mbele yao, na ndege wa chini wanakusanyika pembeni kuwadaka. Ukikuta msafara wa siafu usikimbie kwa hofu. Rudi hatua kadhaa, angalia upande ambao siafu wanaelekea, subiri. Kurumbiza atakuja, na akiwa na siafu anasahau woga. Hakikisha tu suruali umeichomeka ndani ya soksi.

#20 Kichakani (mleta uzi)

Mkuu hii ni dhahabu. Kurumbiza kufuata siafu ni jambo lililoandikwa sana na watafiti wa ndege, na siafu wakipatikana basi utamwona kurumbiza uso kwa uso kwa muda ambao hutaupata njia nyingine.

Kwa wanaotaka kwenda: Gombe iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa Kigoma mjini, na boti za wananchi za kwenda vijiji vya kaskazini zinaondokea Kibirizi. Ndani ya hifadhi unatembea na mwongozaji. Mwambie mapema, kabla hamjaanza safari, kwamba unataka pia ndege wa chini ya msitu, la sivyo atakukimbiza kwenye sokwe siku nzima kwa sababu hilo ndilo wageni wengi wanaloomba. Mkiwakuta sokwe, mita 10 ndiyo kanuni, na mwenye mafua asiende kabisa. Maradhi yetu yanawaua.

#21 Binti wa Luiche

Kaka nimerudi. Nimekaa jana na leo kwa kuegemea ukuta kama ulivyosema, macho chini. Wako wawili. Mstari mweupe nimeuona wazi, kichwa cheusi, na akiruka ile kutu mbili na nyeusi kati. Lakini leo asubuhi, ng'ambo ya kijito kwenye matete na miti iliyofungamana, nimesikia ile ya bawaba. Juu, chini, juu, chini. Sikumwona. Je, wanaweza kuwepo wote wawili mahali pamoja hapa Ujiji?

#22 Kichakani (mleta uzi)

Inawezekana kama kule ng'ambo miti imeshikana na hakujafyekwa. Wakiwa karibu hivyo, kila mmoja hushika upande wake: wa nyusi pembezoni na migombani, wa utosi ndani. Lakini wote wawili wana milio ya kuita, na wa nyusi nyeupe ni mwigaji pia, kwa hiyo usiandike bado. Rekodi ule mlio, angalau dakika moja, simu ikiwa kwenye kiganja kilichotulia na upepo ukiwa mgongoni kwako. Kisha vuka, kaa ukitazama sehemu ya giza zaidi, utafute jicho jeusi kwenye uso wa chungwa. Tuma rekodi humu, mzee wa Kibirizi na mtu wa Mwamgongo nao wasikilize.

#23 Mzee wa Kibirizi

Tuma binti. Mimi hiyo sauti siikosei.